Aljebra ya Mwaka wa Kwanza Chuoni Inafundishwa Katikati Tu

Mwanafunzi anayeanza astashahada au stashahada ya uhasibu, ununuzi na ugavi, au ualimu hapa Mtwara hukutana na aljebra mapema sana, mara nyingi ikiwa ndani ya somo lenye jina jingine, kama hisabati za biashara au hisabati za msingi. Wengi huingia darasani wakiwa wameshaamua kwamba somo hilo ni la kuvuka tu: upate alama ya kufaulu, uepuke sapu, yaani mtihani wa marudio, uendelee na yale uliyoyafuata chuoni. Walimu nao, wakibanwa na muhtasari mrefu na wiki chache za muhula, hulifanya kuwa mfululizo wa mifano ya ubaoni ambayo mwanafunzi huinakili na kuikariri. Hoja yangu ni kwamba muda mwingi wa kozi hii unakwenda kwenye sehemu iliyo rahisi kuliko zote, yaani kuhamisha na kurahisisha herufi kwa kufuata kanuni, ilhali wanafunzi wanaangukia kwenye ncha zake mbili. Wanaanguka mwanzoni, kwenye hesabu za sehemu (kama nusu na theluthi) na namba hasi ambazo hawakuzishika tangu shule ya msingi. Na wanaanguka mwishoni, pale wanapotakiwa kuchukua jambo lililoelezwa kwa maneno na kuliandika kama mlinganyo.

Tukumbuke kwanza ni nani anayeingia kwenye darasa hilo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa takriban asilimia 20 ya waliofanya, na mwaka 2023 walikuwa takriban asilimia 25. Na kufaulu huko kunaanzia daraja D, ambalo mwanafunzi hulipata kuanzia alama 30 kwa 100. Programu nyingi za astashahada zinataka ufaulu wa masomo manne bila kulazimisha Hisabati iwe mojawapo, na sioni ubaya katika hilo, kwa sababu kijana wa Nanyamba au Liwale asifungiwe mlango wa chuo kwa somo ambalo pengine shuleni kwao halikuwa na mwalimu kwa muda mrefu. Lakini tukishamfungulia mlango, hatuwezi kumfundisha kana kwamba alikuwa miongoni mwa ile robo iliyofaulu. Muhtasari wa kozi ukisema kwamba wiki ya kwanza ni milinganyo na wiki ya tatu ni milinganyo ya kipeo cha pili, umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mwingine, si huyu aliyeketi mbele yetu.

Ukimkalia karibu mwanafunzi anayekosea aljebra, ukafuatilia kalamu yake mstari kwa mstari, utaona kwamba mara nyingi kosa si la aljebra. Mpe 1/x + 1/2, naye ataandika 2/(x + 2). Ukimuuliza amefikaje hapo, atakuonyesha kwa unyoofu kabisa kwamba amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Sasa mpe 1/3 + 1/2 bila herufi yoyote, na kama hajaamshwa kwamba kuna mtego, atakupa 2/5. Hapo ndipo mwalimu anapaswa kusimama. Theluthi moja ukiiongezea nusu haiwezi kuwa 2/5, kwa sababu 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu peke yake. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake mwenyewe ataelewa kwa nini alifundishwa kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), jambo ambalo kwa miaka mingi alilifanya kama desturi tu. Baada ya hapo, asili ya pamoja 2x haihitaji somo jipya, kwa kuwa ni KDS ileile.

Mfano mwingine ni MAGAZIJUTO, neno ambalo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analibeba kichwani mpaka uzeeni: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Limetusaidia sana, na sina nia ya kulibeza. Hata hivyo, lina mwanya unaojitokeza vibaya chuoni. Mwanafunzi akipewa 10 − 4 + 3, na akilifuata neno hilo herufi kwa herufi, atajumlisha kwanza 4 na 3 apate 7, kisha atoe 7 kwenye 10 apate 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu alama ya kutoa ni ya ile 4 peke yake, na kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye namba tupu kosa hili hujificha, maana mwanafunzi hukutana nalo mara mojamoja. Kwenye aljebra haliwezi kujificha tena: 10 − 4x + 3x linageuka kuwa 10 − 7x badala ya 10 − x, na kila mstari unaofuata unarithi kosa hilo hadi mwisho wa ukurasa. Jirani yake ni lile la vipeo, ambapo (−3)² ni 9 lakini −3² ni −9, na mwanafunzi anayeyaona maandishi haya mawili kuwa kitu kimoja atabaki akikilaumu kikokotoo chake bure.

Halafu kuna ile kanuni inayofundishwa karibu kila mahali: namba ikivuka alama ya sawasawa, inageuka. Kwa x + 5 = 12 inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana inapendwa. Tatizo linakuja kwenye 3x = 12, pale mwanafunzi anapoivusha ile 3 na kuigeuza: mmoja ataandika x = 12 − 3, mwingine x = 12 gawanya kwa −3, na wote wawili wataamini wametii walichofundishwa. Kanuni hiyo imewaficha jambo lenyewe, kwamba mlinganyo unafanana na mizani iliyotulia ya ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na chochote unachofanya upande mmoja lazima ukifanye upande wa pili ili ibaki imetulia. Hakuna namba inayovuka. Tunagawanya pande zote mbili kwa 3, basi.

Alama ya sawasawa yenyewe ina historia inayostahili dakika tano za darasa. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, mtaalamu kutoka Wales, aliyechoka kurudia maneno ya kusema kwamba hiki kinalingana na kile, akachagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Wanafunzi wetu wengi hawaisomi hivyo. Wao huisoma kama amri ya kutoa jibu, na ndiyo sababu huandika 3 + 5 = 8 × 2 = 16, mstari unaodai kwamba 8 ni sawa na 16. Anayeiona alama hiyo kama tangazo la jibu hawezi kuelewa mlinganyo ambao una herufi pande zote mbili, kwa kuwa kwake jibu linapaswa kuwa upande wa kulia, na pale hakuna jibu.

Hayo yote ni ya mwanzo. Ni mambo ya darasa la tano mpaka kidato cha pili, na wahadhiri wengi huona si hadhi yao kuyagusa. Naielewa hisia hiyo lakini siikubali. Mtu akiajiriwa kufundisha hisabati chuoni, kazi yake ni kumtoa mwanafunzi alipo na kumfikisha panapotakiwa, na hapo alipo panajulikana tangu wiki ya kwanza ukimpa maswali kumi ya sehemu, namba hasi na mabano, ukayasahihisha kwa kuangalia njia aliyopita badala ya kuangalia jibu peke yake.

Nchini Marekani, ambako kozi ya aljebra ya mwaka wa kwanza imewakwamisha wanafunzi wengi kwa miongo kadhaa, mjadala huu umefika mbali. Kwa muda mrefu waliokuwa dhaifu walipelekwa kwanza kwenye kozi za kurekebisha, zisizohesabiwa katika shahada, na wengi waliishia hukohuko bila kuifikia kozi yenyewe. Mwaka 2017 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuvizuia vyuo vyake vya jamii kuwalazimisha wanafunzi kupitia kozi hizo bila ushahidi wa kutosha, na mwaka huohuo chuo kikuu cha jimbo hilo chenye kampasi nyingi kiliamua kuachana nazo, kikawaingiza wanafunzi moja kwa moja kwenye kozi ya kawaida huku wakipewa saa za msaada sambamba nayo. Mazingira yetu si yao, na si kila walichofanya kinafaa hapa. Lakini wazo la saa za ziada zinazoambatana na kozi, badala ya muhula mzima wa kusubiri, linamfaa mwanafunzi wa Lindi ambaye mzazi wake amelipa ada kwa korosho za msimu mmoja na hana uhakika wa msimu ujao.

Sasa niende kwenye ncha ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, kwa sababu hata mwanafunzi hodari wa kurahisisha anaangukia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na swali moja lililowashangaza watafiti wa elimu huko Marekani. Wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza walitakiwa kuandika mlinganyo wa sentensi inayosema kwamba katika chuo fulani wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Tutumie W kwa idadi ya wanafunzi na M kwa idadi ya maprofesa. Zaidi ya theluthi walikosea, na kosa la kawaida lilikuwa kuandika 6W = M. Hawa hawakuwa watu wasiojua hesabu. Waliandika kwa kufuata mpangilio wa maneno, na waliichukulia W kama kifupisho cha neno wanafunzi, ilhali ni namba inayohesabu wanafunzi. Ukiweka maprofesa 10, mlinganyo wao unasema kwamba mara sita ya wanafunzi ni 10, yaani wanafunzi hawafiki hata wawili. Sahihi ni W = 6M.

Kama hilo liliwapata waliosoma kwa lugha yao ya nyumbani, tufikirie wetu, ambao walisoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, wakahamishiwa Kiingereza kidato cha kwanza, na sasa wanasoma mafumbo ya hesabu kwa lugha ambayo wengi hawaitumii popote nje ya darasa. Mwanafunzi huyo ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kuielewa sentensi na kuigeuza kuwa mlinganyo, na mwalimu akiona karatasi tupu hawezi kujua ni kazi ipi iliyomshinda. Njia ya kujua ni nyepesi. Mwambie aseme fumbo lote kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kabla hajagusa kalamu. Akiweza kulisema, tatizo lake ni kuandika; asipoweza, tatizo ni kusoma, na dawa zake ni tofauti. Anayedhani kwamba kufanya hivyo ni kushusha kiwango akumbuke kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kile kinachohesabiwa kuwa kitabu cha msingi cha aljebra, hakutumia herufi wala alama yoyote tunayoitumia leo. Alieleza kila mlinganyo kwa maneno kamili, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu ugawaji wa mirathi na wosia, hesabu ambazo watu wa Mikindani na Kilwa wanazijua, kwa sababu misiba inaletea familia zao maswali hayohayo.

Ili nisiishie kwenye lawama, nieleze fumbo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Kusini alifanye hadi mwisho. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mikoa hii zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, naye analipwa baada ya makato. Pembeni ya mfumo huo kuna kangomba, ununuzi haramu ambapo mwenye fedha humkuta mkulima na shida kabla ya msimu, akampa fedha leo kwa ahadi ya kilo za kesho, kwa bei ya chini. Tuseme baba anahitaji shilingi 450,000 za ada ya mtoto, na mtu wa kangomba anazihesabu korosho kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Atamdai kilo 450. Tuseme pia kwamba mnadani, baada ya makato yote, kilo moja ingemwachia mkulima shilingi 2,250. Kilo zile 450 zingekuwa na thamani ya shilingi 1,012,500. Baba amepokea 450,000, amelipa kitu cha thamani ya 1,012,500, na tofauti ya 562,500 ni sawa na riba ya asilimia 125 kwa miezi michache.

Hiyo bado ni hesabu ya kawaida, na mkulima mwenye akili anaweza kuifanya kichwani. Aljebra inaanza tunapouliza swali la jumla: ni wakati gani kangomba ni ghali kuliko mkopo wenye riba? Fedha anayohitaji tuiite D, bei ya kangomba kwa kilo tuiite b, bei halisi ya mnadani baada ya makato tuiite p, na riba ya mkopo kwa muda huo tuiite r. Kilo atakazodaiwa ni D/b. Thamani yake mnadani ni Dp/b. Mkopo ungemgharimu D(1 + r). Kangomba ni ghali zaidi pale Dp/b inapozidi D(1 + r), na kwa kuwa D ni namba chanya tunaweza kugawanya pande zote mbili kwa D bila kugeuza alama ya kuzidi, kisha tukazidisha kwa b, tukapata p > b(1 + r).

Hapo daima kuna mwanafunzi atakayeuliza, "Mwalimu, D imekwenda wapi?" Swali hilo lina thamani kuliko mifano ishirini ya kurahisisha, na mwalimu asilipite. D imeondoka kwa sababu haihusiki. Aliyekopa 50,000 na aliyekopa 5,000,000 wako katika hali moja. Ukubwa wa shida haubadilishi uamuzi, kinachouamua ni bei mbili na riba. Kwa bei ya kangomba ya 1,000 na riba ya asilimia 20, mpaka ni shilingi 1,200: bei halisi ya mnadani ikizidi hapo, hata kwa shilingi moja, mkopo ni nafuu. Ukumbuke kwamba mwaka 2018, pale serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hesabu ya kichwani ilimwambia baba mmoja kuhusu deni lake moja. Mstari ule mfupi wenye herufi tatu unawaambia wakulima wote wa Tandahimba na Ruangwa kwa pamoja, mwaka huu na ujao, na mwanafunzi aliyeuandika mwenyewe anaweza kurudi kijijini likizo akawaeleza wazee wake kwa Kiswahili bila kuandika herufi hata moja.

Najua pingamizi lililo tayari: kompyuta na simu zinatatua milinganyo, kwa hiyo kwa nini tumsumbue mhasibu mtarajiwa? Ni kweli zinatatua, na hilo linaniunga mkono. Kinachofanywa na mashine ni ile sehemu ya katikati, ambayo ndiyo tunayoitumia muda wote wa muhula. Hakuna simu itakayomwambia kwamba D ni fedha, b ni bei, na kwamba kinacholinganishwa ni thamani ya kilo dhidi ya gharama ya mkopo. Wapo pia wanaosema takwimu zingemfaa zaidi kuliko aljebra, na kwa baadhi ya programu wana haki. Mimi ningekubali kupunguza wiki za kutafuta vigawo vya milinganyo ya kipeo cha pili kwa kubahatisha ili kupata nafasi ya wastani na grafu. Sitakubali kupunguza sehemu, namba hasi wala mafumbo, kwa sababu hata takwimu zenyewe zinasimama juu yake.

Muda upo. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje, kwa hiyo moduli ya krediti 9 ni saa 90. Ningetaka saa 20 za mwanzo ziende kwenye sehemu, namba hasi, mabano na maana ya alama ya sawasawa, kwa jaribio fupi kila wiki. Saa 30 za mwisho ziende kwenye mafumbo, mengi yakiwa ya mazao, mikopo, nauli na mirathi. Na zile 40 za katikati zitoshe kwa mengine yote. Mtihani nao ufuate mgawanyo huo, la sivyo hakuna mwanafunzi atakayeuheshimu. Kuwe na maswali yanayomtaka mtahiniwa aandike mlinganyo na aeleze kila herufi inahesabu nini, kwa vipimo vyake, bila kuutatua, na yabebe angalau alama 30 kati ya 100. Kwenye usahihishaji, aliyeandika mlinganyo sahihi na akakosea kujumlisha apate sehemu kubwa ya alama hizo, na aliyetoa jibu sahihi bila mlinganyo aitwe aeleze alivyofika.